Jina Langu Halipo kwenye Ubao

Jumatatu, 7 Julai

Habari mbaya. Mke wangu amerudi kutoka kwa wazazi wake uso umemshuka. Daktari wa macho amesema kabla mwaka haujaisha Mzee atakuwa haoni kitu. Jicho la kushoto limeshakwenda. La kulia linaona mwanga na vivuli tu. Kwa hiyo baba mkwe wangu ameamua: Jumamosi hii tunakwenda bwawani kuvua samaki, familia nzima, kama kila mwaka, na baada ya hapo basi. Ubao unafungwa.

Nilisikitika. Kweli nilisikitika, maana nampenda yule mzee. Kisha lile neno "ubao" likanishuka tumboni kama uji wa moto.

Niandike hapa, maana sina mwingine wa kumwambia. Mzee alikuwa mpimaji wa ardhi kwa miaka arobaini na haamini kitu ambacho hakijapimwa. Kila samaki anayevuliwa na familia hii hulazwa kwenye rula yake ya shaba papo hapo, hupimwa kuanzia mdomo hadi mkia, kisha Mzee huchukua msumari na kuchonga kwenye ubao: jina, tarehe, sentimita. Akishachonga hafuti. Udogo wa samaki si hoja. Mzee husema samaki ni samaki.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa friji, yuko pale mara ishirini na tatu. Anajiita Bingwa, na ubaya ni kwamba watu wamekubali. Samaki wake mkubwa ni sentimita hamsini na nane. Tarehe ya samaki huyo anaijua kuliko ya ndoa yake. Mke wangu yuko mara kumi na moja. Binti yetu alimpata wa sentimita kumi na moja akiwa na miaka sita. Mama mkwe hajawahi kushika ndoana, lakini mwaka mmoja alikuwa anasuuza vikombe ukingoni, kasamaki kakaingia ndani ya kikombe, na kako ubaoni: Mama, sentimita nne. Yuko hata jirani mmoja aliyekuja kutuletea tairi la akiba. Alikaa nusu saa. Ana samaki wawili.

Mimi nimekwenda miaka kumi na minne. Simo.

Lazima niingie kwenye ubao ule Jumamosi, Mzee akiwa bado ana mkono wa kuchonga. Lazima! Sitaki kuzeeka nikiwa mkwe aliyeshindwa na kikombe.

Jumanne, 8 Julai

Nimepata siri. Kinyozi, ambaye duka lake ni la tatu kutoka duka langu la ushonaji, amenihakikishia kwamba shida yangu si mkono, ni chambo. Kasema samaki wa siku hizi wamechoshwa na minyoo. Akanipa mchanganyiko wa marehemu babu yake: maini yaliyolala juani siku mbili, unga, vitunguu saumu vya kutosha na mafuta ya taa matone matatu. Maini alikuwa nayo. Sikuuliza kwa nini.

Nilipika mambo hayo kwenye jiko dogo nyuma ya cherehani, mlango nimeufunga ili shemeji asije akanusa na kuniibia siri. Hapo ndipo nilipokosea. Suti ya mwalimu mkuu ilikuwa imetundikwa palepale, tayari kwa sherehe ya kugawa zawadi shuleni. Kitambaa cha sufu hakichagui harufu, kinachukua tu. Niliipiga pasi ya mvuke ili kuitoa. Mvuke ukaipeleka ndani zaidi.

Mwalimu mkuu aliichukua saa nane mchana kwa haraka. Saa kumi na moja akarudi. Akasema ametoa hotuba nzima akiwa amezungukwa na paka, na wazazi walidhani ni igizo la watoto wakapiga makofi. Alisema polepole, kama mtu anayesahihisha mtihani. Suti ameiacha. Mimi ameniacha pia, kwa maneno yake mwenyewe, baada ya miaka sita ya kushona kwangu.

Chambo nimekimwaga nyuma ya duka. Paka hawakukigusa. Wao walikuwa wanaitaka suti.

Jumatano, 9 Julai

Nimegundua tatizo halisi. Si chambo, ni mrusho. Leo mazoezi, uani.

Mrusho wa kwanza: shuka la kitanda lililokuwa kwenye kamba. Wa pili: paa. Wa tatu sikuona ulikokwenda mpaka nilipovuta, nikahisi mtu ananivuta nyuma. Ndoana ilikuwa kwenye mgongo wa shati langu. Kadiri nilivyogeuka kuitafuta ndivyo mshipi ulivyonizunguka, na shemeji aliponikuta nilikuwa nimefungwa mikono yote miwili kama mzigo wa kupelekwa stendi.

Alikuwa amekuja kutengeneza friji yetu. Hakucheka. Heri angecheka. Alinifungua kwa upole, akasema nisijisumbue, atanikopesha fimbo yake ya zamani, ile ambayo kwa maelezo yake hata ng'ombe angeweza kuvulia. Kisha akaingia jikoni, na kicheko nikakisikia kikitokea ndani ya friji.

Mke wangu alilikata shati ili kuitoa ndoana, ambayo ilikuwa imegusa nyama. Shati nililolishona mwenyewe! Alilikata kinyume cha uzi. Nikamwambia angepita kwenye mshono. Akanijibu kwamba nyama ya mgongo wangu haikuwa na mshono wa kufuata.

Binti yangu amejitolea kunifundisha kurusha. Kasema ni rahisi, unalegeza kifundo cha mkono tu. Nimekataa. Baba ana heshima yake. Ameinua mabega akaenda zake.

Alhamisi, 10 Julai

Leo nimekata tamaa rasmi. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa nne nilikuwa na wazo.

Nilimpelekea mama muuza samaki aproni yake sokoni, na pale mezani kwake nikamwona kambare. Mrefu, mweusi, sharubu za karani wa mahakama. Nikamtazama. Akanitazama. Nikajiuliza: samaki akiwa kwenye ndoana yangu, ndani ya boti, mbele ya mashahidi, nani atauliza alifikaje hapo? Mimi hukaa nyuma kabisa, kwa sababu Bingwa hudai nikikaa mbele natia nuksi. Mkono mmoja majini, ndoana mdomoni mwake, ninavuta, ninapiga kelele. Mzee haoni vizuri.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeisoma tena na nimeona aibu. Nimeiacha kwa sababu ni kweli.

Tatizo ni moja. Kambare alikuwa ameshapasuliwa na kutolewa matumbo. Mama muuza samaki huwapasua wote asubuhi, wateja wake hawataki usumbufu. Nikaomba mzima. Akasema mzima ni Jumatatu. Nikasema nitamchukua huyuhuyu. Akauliza nitampika vipi. Nikamwambia bado tunafikiria.

Nimefika naye dukani, nikamlaza juu ya meza ya kukatia, nikamfungua. Wazi kuanzia kooni hadi karibu na mkia. Mtu mwingine angelia. Lakini mimi ni fundi cherehani, na ninachokiona kwenye kitu kilichofunguka ni kazi tu.

Ijumaa, 11 Julai

Sijashona hivi tangu nilipofunga ndoa.

Kwanza nilipiga bandi, ule mshono wa muda, kwa uzi mweupe ili ngozi isikimbie. Ngozi ya kambare ina mwendo wa ngozi ya mkoba, ila inateleza. Kisha nikachukua sindano ya ngozi na kushona mshono wa kificho, hatua ndogo ya sindano baada ya hatua, kwa uzi wa kijivu. Nilipofika karibu na kifua rangi ya tumbo ikabadilika kuwa ya maziwa, nikabadili uzi. Nilijaribu rangi tatu dirishani kabla ya kuridhika. Nilifungia kwa fundo ambalo hata mwalimu wangu wa ufundi, Mungu amrehemu, asingeliona.

Nikamwinua. Bapa. Tumbo limeingia ndani kama la mgonjwa. Nani angeamini kambare mwenye njaa kiasi kile? Nikafumua kidogo na kumjaza pedi za mabega, zile za sponji za koti la mtindo wa zamani. Nne. Akapendeza. Akawa na mwili.

Wateja watatu walikuja nikawaambia rudini Jumatatu. Mmoja aliniuliza ni kazi gani hiyo ya kunifungia mlango. Nikasema ni ya mteja mgeni, mwenye vipimo vigumu.

Kesho naingia ubaoni. Nimeosha mikono mara saba na bado inanuka, lakini moyo ni mwepesi.

Jumamosi, 12 Julai

Nitaandika haraka kabla sijabadili mawazo na kuamua kwamba haikutokea.

Tulikuwa bwawani saa moja asubuhi. Mama mkwe, mke wangu na binti walibaki ukingoni na ndoana zao na vikombe. Kwenye boti: Bingwa mbele na fimbo mpya inayong'aa, Mzee katikati na rula, msumari na ubao mapajani, mimi nyuma na kambare ndani ya taulo. Bingwa alishapata wawili kabla jua halijatuchoma. Mzee alipima kwa vidole, akitafuta alama za rula kwa kucha, akachonga kwa kupapasa. Herufi zilikuwa zimenyooka.

Saa tatu nikafanya kazi yangu. Mkono majini, ndoana mdomoni. Nikavuta, nikapiga kelele. Kelele ilitoka vizuri kuliko nilivyopanga. Kambare akaingia botini kwa kishindo, na ukingoni mke wangu akaruka juu akipiga makofi. Mke wangu! Hata Bingwa alifungua mdomo akabaki hivyohivyo.

Mzee alinyoosha mikono nikamlaza kambare mapajani mwake. Akapima. Sentimita arobaini na tisa. Akatabasamu, sijawahi kumwona akitabasamu vile, akashika msumari. Kisha mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa umemshika samaki asiteleze, ukapita chini ya tumbo. Ukasimama. Ukarudi. Ukapita tena, taratibu, kuanzia kooni.

Akainama hadi sikioni mwangu, akaniuliza kwa sauti ya kunong'ona: "Fundi, hii ni sindano namba ngapi?"

Ningeweza kukana. Ningeweza kusema sijui anazungumzia nini. Nilisema ni ya ngozi, namba tatu, na hatua za milimita mbili. Niliona fahari. Mungu anisamehe, kwa sekunde moja niliona fahari.

Mzee alitikisa kichwa polepole, akaurudisha msumari mfukoni. Akasema kwa sauti kwamba atachonga baadaye, ukingoni. Nadhani alitaka kuninusuru. Lakini Bingwa alipofika ukingoni akasema samaki wa kwanza wa shemeji lazima aliwe leo leo, tena yeye mwenyewe atamsafisha, kwa heshima. Alimpasua mbele ya wote. Akaingiza mkono. Akatoa pedi ya bega. Akaitazama. Akatoa ya pili.

Ya tatu hakuna aliyeiona, walikuwa wameshavunjika mbavu. Mama mkwe alikaa chini kabisa. Mke wangu peke yake hakucheka. Alimfunga binti yetu kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Ubao ulirudi nyumbani bila mimi.

Jumapili, 13 Julai

Sijatoka. Mke wangu anazungumza nami kupitia binti. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie baba yako simu yake inalia.

Simu zilikuwa za watu watatu, wote wamesikia kutoka kwa Bingwa. Kinyozi alitaka kujua kama chambo cha babu yake ndicho kilichosaidia. Mwingine alikata simu kwa kicheko kabla hajasema alichopigia. Wa tatu alisema ana perege aliyenenepa, aniletee nimwongezee kiunoni.

Nimewaza kuhama. Nimewaza pia kujifunza kazi nyingine, isiyo na sindano. Jioni niliona kwamba sina nguvu ya kufanya lolote kati ya hayo mawili, nikakunja nguo zilizokauka.

Jumatatu, 14 Julai

Mzee amepiga simu mwenyewe. Nilisimama wima kuipokea. Nilikuwa nimeandaa msamaha mrefu wenye sehemu tatu, na sikupewa nafasi hata ya sehemu ya kwanza.

Alisema ubao bado haujafungwa. Alisema safari ya Jumamosi iliharibika na yeye hawezi kumaliza kazi ya miaka yote hiyo kwa kicheko. Jumatano asubuhi nimfuate, mimi na yeye tu, wengine wabaki na shughuli zao. Nikamwambia ndiyo Baba, ndiyo Baba. Akaongeza nisije na sindano.

Mke wangu aliposikia aliacha kuzungumza kupitia binti. Alikaa kitandani karibu yangu. Kasema baba yake hajawahi kwenda majini na mtu mmoja peke yake, hata na Bingwa. Kasema ananiomba kitu kimoja tu: nivue. Nisibuni kitu, nisifikirie kitu, nitumbukize ndoana nisubiri. Nikamwahidi. Machozi yalinitoka, naye akanifuta kwa upindo wa blauzi yake.

Binti amenifundisha kurusha, uani, kwa robo saa. Unalegeza kifundo cha mkono tu.

Jumatano, 16 Julai

Mke wangu alitufikisha kwa gari akaondoka. Nikapiga kasia mpaka katikati. Asubuhi tulivu, mawingu, maji hayakutikisika.

Mzee aliniomba nimwambie maji yana rangi gani leo. Nikamwambia ni ya kijivu, kama bitana ya koti. Akacheka. Akasema ndiyo, sasa ameyaona.

Nikaweka chambo, nikarusha, boya likaelea. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Mwaka ule nilipokuja kuposa nilimletea suruali. Hakuwa amepimwa. Akaivaa, ikamkaa sawasawa, kiuno, urefu, kila kitu. Yeye mpimaji wa miaka mingi alikaa ukingoni mwa kitanda akiitazama ile suruali na kuogopa kidogo. Akamwambia mama mkwe kwamba huyu kijana ana jicho. Kasema tangu siku ile anangoja kulichonga jina langu, na kila mwaka anarudi nyumbani na msumari wake akijisikia vibaya kuliko mimi.

Nilimpenda sana wakati ule. Nilifikiri hata nisipopata kitu, hii inatosha.

Ndipo boya likazama.

Halikutikisika, lilizama kabisa. Nikavuta. Kitu kilikuwa hai upande wa pili, kinapigana, kidogo lakini kinapigana. Nikakitoa majini. Samaki! Samaki wa kweli, anapumua, ana matumbo yake yote. Nilimshika kiganjani. Miaka kumi na minne.

Sentimita saba. Nilimpima kwa jicho.

Saba. Nikauona ubao umetundikwa sebuleni kwa Mzee, sikukuu baada ya sikukuu. Bingwa, hamsini na nane. Mjukuu, kumi na moja, akiwa na miaka sita. Na chini kabisa, mahali pa mwisho pasipofutika, Fundi, saba. Nikamwona Bingwa amesimama mbele yake na kikombe cha chai, akiwasomea wageni. Kwamba nilikishinda kikombe kwa sentimita tatu ingekuwa ndiyo sifa yangu duniani. Na ilikuwa saa mbili na nusu tu asubuhi. Kama mdogo amekuja, mkubwa yuko njiani. Hiyo ni hesabu ya kawaida.

Nikamtoa ndoana polepole, nikamrudisha majini kwa mikono miwili. Akapiga mkia mara moja, pwaa, akazama.

Mzee aligeuza kichwa. Akauliza ni nini kile. Alikuwa ameshaushika msumari.

Nikasema ni nyasi, zimenasa kwenye mshipi.

Akasema sawa.

Baada ya hapo hakuja kitu. Saa tatu, saa nne, saa tano. Mkubwa hakuwa njiani. Nilibadili chambo, nilibadili upande, nililegeza kifundo cha mkono mpaka kikauma. Saa sita mvua ikaanza kuchuruzika. Mzee alikuwa bado ana msumari mkononi. Akaniuliza tena, kwa upole, kama zile zilikuwa nyasi kweli. Nikasema nyasi tu, Baba. Akasema basi turudi.

Nilipiga kasia nikiwa nimempa mgongo ili nisiuone uso wake. Nyuma yangu nilisikia anakwaruza kwaruza, nikadhani anapapasa majina ya zamani.

Mke wangu alituuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa. Njia nzima hakuna aliyewasha redio.

Alhamisi, 17 Julai

Sina hamu ya kuandika. Nimeshona vifungo kumi na viwili kwenye blauzi yenye matundu kumi.

Jioni mke wangu amerudi kutoka kwa wazazi wake. Alifunga mlango wa chumba, akaniambia nikae. Ubao umetundikwa sebuleni. Mstari wa mwisho kabisa, kwa herufi za mkono unaopapasa, umeandikwa: Fundi, 16 Julai. Baada ya hapo pana nafasi tupu.

Mzee alimwambia amesikiliza maji maisha yake yote na nyasi hazipigi mkia. Alijua. Alinichonga palepale botini, mimi nikiwa nimempa mgongo. Kilichobaki ni kipimo. Hataki kumwona samaki, hataki shahidi. Kasema kwa mara ya kwanza maishani atachonga kitu ambacho hakukipima mwenyewe, kwa sababu jicho la Fundi halikosei. Niende tu nimwambie kwa mdomo wangu alikuwa na urefu gani. Hata kama ni sentimita mbili. Ila nisikawie, maana tangu jana jioni anauona mlango kama kivuli na dirisha halioni tena.

Mke wangu aliniuliza: alikuwa na ngapi? Nikamwambia ukweli, saba. Akanikumbatia. Kasema kesho asubuhi niende nikaseme hivyo hivyo, saba, basi. Kasema saba ni nzuri sana.

Nimelia. Niko kwenye ubao! Niko tayari, nimechongwa, hakuna wa kunifuta.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeamka mtu mpya. Nimejifunza. Nimenyoa, nimepiga pasi shati, nimemwambia binti kwamba maishani ukweli ni kitu chepesi kuliko vyote, naye akaniuliza kama naumwa.

Nikasimama mbele ya kioo cha dukani kufanya mazoezi ya sentensi. Baba, alikuwa na sentimita saba. Nikafungua vidole kuonyesha. Sikupenda inavyoonekana. Nikachukua futi ya kupimia ili nione saba vizuri. Ni urefu wa kola ya mtoto.

Nikafikiri: aliyemwona ni nani? Mimi peke yangu. Mzee alisikia mkia. Mkia wa sauti ile unaweza kuwa wa samaki wa ukubwa wowote. Tena wakubwa ndio wapigao zaidi. Na nilimwachia kwa nini? Kwa sababu mshipi ulikuwa unakatika, nikaogopa boti isije ikapinduka na Mzee yumo. Nilifanya hivyo kwa ajili yake. Kadiri ninavyoirudia ndivyo ninavyoikumbuka.

Bingwa ana hamsini na nane. Nikasema kwa sauti: hamsini na tisa. Hapana. Inaonekana nimemlenga yeye. Sitini. Sitini ni namba ya mtu anayekisia. Sitini na moja ina ukweli fulani ndani yake.

Mama mkwe amepiga simu sasa hivi. Kasema Mzee amemfanya aushushe ubao ukutani. Amekaa mlangoni tangu saa kumi na mbili, ubao mapajani, msumari mkononi, kila anayepita anamuuliza kama ni Fundi. Nikamwambia amwambie nimeshavaa viatu, ninakuja.

Sitini na moja na nusu. Hiyo nusu ndiyo itakayomaliza kazi. Mtu aliyepima ardhi miaka arobaini hawezi kuitilia shaka nusu.